Baba Mkwe Alipoambiwa Ukweli

Katika nyumba nyingi ninazoingia, mgonjwa ndiye wa mwisho kuambiwa kwamba anakufa. Majirani wanajua, mwenyekiti wa kitongoji anajua, wanakwaya wameshaanza kuulizana sare, lakini mwenye ugonjwa wake anaambiwa, "Utapona tu, mzee, Mungu ni mwema." Ninaishi Rungwe, kwenye mteremko chini ya Tukuyu, na kwa miaka mingi nimekuwa mzee wa kanisa katika ushirika wetu wa Kimoraviani. Baadaye nikapewa mafunzo ya kuhudumia wagonjwa majumbani, ile huduma inayoitwa tiba shufaa. Hatuponyi. Tunapunguza maumivu, tunakaa na mtu na watu wake mpaka mwisho. Nimeona vifo vya kila namna, ila hili ninaloeleza lilitokea nyumbani kwangu, kwa baba mkwe wangu.

Msiotoka kwetu, nianze kwa kuwaeleza jambo moja. Kwa Wanyakyusa, mkwe wa kike na baba mkwe huepukana. Zamani mwanamke akimwona baba mkwe anakuja njiani aliingia migombani na kujifunika mpaka apite. Siku hizi mambo yamelegea, kanisa nalo limesaidia, na wakwe wa mjini wanakaa meza moja na baba zao na kucheka. Lakini mzee wetu alikuwa mtu wa zamani. Tangu niolewe sikuwahi kumpa mkono. Tukiwa na neno la kuambiana, lilipitia kwa mtoto. Sasa mtu huyo anaugua, na katika ukoo mzima anayejua kumtunza mgonjwa wa namna ile ni mimi.

Ilianza kama inavyoanza kwa wazee wengi. Usiku anaamka kukojoa, anarudi, anaamka tena, na ukimuuliza anasema ni baridi. Huku kwetu baridi inasingiziwa mengi. Kisha ukaja mgongo. Alipokubali kupelekwa Mbeya mjini, saratani ya tezi dume ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa, na ikifika huko, kiuno na uti wa mgongo ndiko inakopenda kukaa. Alipelekwa hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 800 kwa basi huku ameegemea mto, akarudi na jibu kwamba kilichobaki ni kumtuliza maumivu. (Baba yako akivuka hamsini na anaamka amka usiku, mpeleke akapimwe. Msingojee mgongo.)

Jibu hilo hakupewa yeye. Daktari aliwaita wanawe kando, akawaeleza wakiwa wamesimama kwenye korido, akaondoka. Na wao walipofika nyumbani wakakubaliana: mzee aambiwe ni mgongo wa uzee. Shemeji yangu mkubwa ndiye aliyetoa sababu. "Tukimwambia," alisema, "tutaua imani yake."

Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi mno, na kila nikiisikia inanichoma. Kila Jumapili tunasimama na kukiri ufufuo wa mwili na uzima wa milele. Mzee wa zaidi ya miaka themanini, aliyeyakiri maneno hayo tangu ujana, tunamficha habari ya kifo kama mtoto anayefichwa sindano. Mimi naona tunaoogopa ni sisi. Tunaogopa kukaa naye chumbani akishajua, tusijue pa kuweka macho, halafu woga wetu tunaupa jina la imani yake.

Aliyelifungua jambo ni mzee mwenyewe, kwa ujanja wake. Alikuwa amepewa mofini ya maji, ile inayokuja kwenye chupa na kupimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Anakunywa kila baada ya saa nne, usiku wakati wa kulala anaongezewa mara mbili ili asiamshwe na maumivu, na pamoja nayo tunampa dawa ya kulainisha choo, maana mofini hufunga tumbo. Kijijini dawa hii ina sifa mbaya. Wanasema ukishaandikiwa hiyo, umekwisha. Si kweli, wapo wanaoitumia miezi na miezi, wengine wanarudi shambani kwa sababu yake. Kinachowamaliza ni ugonjwa. Lakini mzee alikuwa na rafiki wa kumletea maneno.

Basi jioni moja namenya ndizi za kupika, binti yangu akaingia jikoni. "Mama, babu anauliza, dawa hii wanapewa watu gani?"

Nilimwambia mume wangu usiku huo: anayeuliza hivyo haulizi habari ya dawa. Katika mafunzo tulifundishwa kwamba mgonjwa humbwagii habari kichwani. Unamuuliza kwanza anajua nini, kisha unamuuliza kama anataka kujua zaidi, na akisema hataki, unaheshimu. Mume wangu aliogopa, lakini aliingia. Mimi nilikaa kwenye kigoda ukumbini. Mlango wa chumba cha mzee ulikuwa na pazia la kitenge, sikuweza kumwona wala yeye kuniona, ila sauti ilipita.

"Baba, ugonjwa wako unauonaje?"

"Mimi nimezika watu wengi. Unadhani mwendo huu siujui?"

"Ungependa kujua alichosema daktari?"

"Alisema na nani?"

"Na sisi."

"Kwa hiyo mnajua."

"Tunajua, baba."

Akakaa kimya kidogo. "Basi mmenichelewesha," akasema.

Wanawe walikuwa wamejiandaa kwa kilio, labda na kukata tamaa, na kumbe mzee alikasirika kama mtu aliyepotezewa muda wa kazi. Tangu siku ile ndivyo ninavyoifahamu huduma yangu. Mtu anayekufa ana kazi. Ni kazi ambayo wengine hawawezi kumfanyia, na kila siku tunayomficha tunaikata kutoka kwenye muda wake.

Habari zilipoenea kwamba mzee ameambiwa, tulilaumiwa. Ndugu mmoja alimleta mtumishi kutoka mbali, mwenye mafuta ya upako na sauti kubwa, akatuagiza tukatae roho ya mauti na kuimwaga ile chupa chooni. Nisieleweke vibaya. Tulimwombea mzee apone, tena kwa machozi, na wazee wa kanisa walikuwa wameshampaka mafuta kama anavyoagiza Yakobo. Lakini kumwaga mofini ya mtu mwenye saratani ya mifupa ni ukatili, hata ukifanywa kwa jina la Yesu. Nilisimama mlangoni na kikombe cha kupimia mkononi, na chupa haikutoka.

Mzee alimsikiliza mgeni mpaka mwisho. Kisha akamwomba mjukuu asome Isaya 38, pale mfalme Hezekia anapoambiwa, "Tengeneza mambo ya nyumba yako, maana utakufa, wala hutapona." Mgeni akafurahi, akasema soma mbele, Hezekia alilia na akaongezewa miaka 15! "Ndiyo," mzee akajibu, "na katika miaka hiyo akawaonyesha watu wa Babeli hazina yake yote, na akamzaa Manase." Manase alianza kutawala akiwa na miaka 12, ukipiga hesabu unaona alizaliwa ndani ya ile nyongeza, na Biblia haina sifa nzuri kwake. "Mimi naomba hii ya kwanza," mzee akasema, "ya kutengeneza nyumba." Mgeni alipewa chai na ndizi, akasindikizwa hadi barabarani.

Nyumba ilikuwa na mengi ya kutengenezwa. Kulikuwa na mdogo wake, baba mdogo wetu, ambaye waligombana kwa ajili ya mpaka wa shamba la chai kabla mimi sijaolewa. Mzee alimwita. Baba mdogo akaja, akasema pole, akanywa chai, akaondoka. Akaitwa tena. Safari hiyo mzee akamwambia wazi, "Ile mistari miwili ya chini ni yako. Nilijua siku zote." Baba mdogo alichukua kofia yake, akatoka bila kujibu. Ningependa kuwaambia walikumbatiana, maana hadithi za kanisani huishia hivyo. Sikuona. Mistari ile sasa anaichuma yeye, na kama alisamehe, anajua yeye na Mungu.

Kulikuwa na wosia. Mzee alitaka kuusema kwa mdomo mbele ya wanawe, yaishe. Hapo niliingilia kwa kumtuma mume wangu, kwa sababu nimeshawaona wajane wanaoondolewa nyumbani kabla majivu ya moto wa msibani hayajapoa, na kila anayewaondoa anasema marehemu aliniambia. Kwa kanuni za sheria ya kimila za 1963, wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Wa maandishi, kama mwenye wosia anajua kusoma na kuandika, unahitaji wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Mzee alijua kusoma. Tukaandika. Nyumba ikabaki kwa mama mkwe maadamu yu hai, chai ikagawanywa kwa watoto wote, mabinti wakiwamo. Shemeji mkubwa hakupenda hilo la mabinti, na hakuficha. Nakala moja ikakaa kwa mchungaji. Ukitaka unaweza kuuhifadhi pia RITA, wakala wa serikali wa usajili, wanapokea wosia na kuutunza. Wapo Wakristo wanaoona karatasi kama hiyo ni kujitabiria kifo. Yusufu alipokuwa anakufa Misri aliagiza habari za mifupa yake, na mwandishi wa Waebrania analihesabu agizo hilo kuwa tendo la imani.

Mizigo hiyo miwili ikawa imeshuka. Kazi aliyoipa uzito zaidi ikawa ya tatu, na hiyo ilinihusu mimi.

Wamoraviani tuna desturi ya tangu karne ya 18, kutoka kule Herrnhut, Ujerumani: kila muumini huandika mwenyewe habari za maisha yake, jinsi Mungu alivyotembea naye na alivyomkosea Mungu, na maandishi hayo husomwa siku ya kuzikwa. Maelfu ya wasifu hizo bado zimehifadhiwa. Kwetu desturi imebaki nusu. Wasifu inasomwa, ila inaandikwa na wengine, usiku wa kuamkia maziko, na katika ushirika wetu mwandikaji mara nyingi ni mimi, nimezungukwa na ndugu wanaobishana mwaka wa kuzaliwa. Alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akaugua, akafariki. Marehemu alikuwa mcheshi na mpenda watu. Nimeandika "mpenda watu" kwa watu ambao kijiji kizima kiliwakimbia.

Mzee alinisikiliza nikizisoma nyingi za namna hiyo. Akatuma mjukuu: "Mwambie mama yako achukue daftari."

Nikakaa tena kwenye kigoda changu nje ya pazia, yeye kitandani, mjukuu katikati, na kazi ikaendelea hivyo kwa siku kadhaa, asubuhi, dawa ikishamtuliza. Utoto, shule ya misheni, ubatizo. Kisha akafika miaka aliyokuwa karani wa mizani kwenye kituo cha kupokea majani mabichi ya chai. Akina mama walikuja na mizigo kichwani, mvua au jua, yeye anapima na kuandika. Kulikuwa na kilo za kukatwa kihalali, kwa ajili ya mfuko na maji ya mvua. Yeye alikata zaidi kidogo, na zile za ziada akaziandika kwa jina la mtu mwingine, wakagawana malipo mwisho wa mwezi. Alifanya hivyo miaka.

Kalamu yangu ilisimama. Wengine kati ya wale akina mama ni wazee wenzangu wa kanisa. Mmoja ni mama yangu mdogo.

Nyuma ya pazia kukawa kimya. Kisha sauti ikaja, bila mtoto katikati, mara ya kwanza tangu nimfahamu: "Mwanangu, umeandika?"

"Naandika, baba," nikajibu. Nami ilikuwa mara ya kwanza.

Akaagiza malipo ya pili ya chai ya msimu ule, yale ya bonasi, yapelekwe kwenye kikundi cha akina mama cha pale kituoni. Majina hakuyakumbuka yote, na wengi walishafariki. Alisema Zakayo alirudisha mara nne, yeye hana uwezo wa kufikia hapo, ila asifike mbele za Bwana mikono mitupu na daftari limejaa.

Asije mtu akadhani alikuwa jabali. Usiku aliogopa. Nilimsikia akilia, akimwita mama yake aliyekufa zamani, na asubuhi akaona aibu. Mume wangu alimkumbusha kwamba Bwana naye Gethsemane alihuzunika kiasi cha kufa na akaomba kikombe kimwepuke. Wahubiri wetu wa misibani hulipita jambo hilo haraka mno. Wanataka mtakatifu anayetabasamu. Mimi nawaamini zaidi wanaotetemeka na bado wanaagiza malipo yapelekwe. Napenda pia mwisho wa waraka wa pili kwa Timotheo. Paulo anasema mwendo ameumaliza, imani ameilinda, na mistari michache mbele anamwomba Timotheo amletee joho aliloliacha Troa, na vitabu, na ajitahidi kuja kabla ya wakati wa baridi. Mtu aliye tayari kufa bado anataka nguo nzito na kitu cha kusoma. Kwa mgonjwa wa Rungwe mwezi wa saba, hilo ni andiko la kutekelezwa: blanketi la pili, maji ya moto kwenye chupa miguuni, na mtu wa kumsomea.

Alifariki karibu na mapambazuko, maumivu yakiwa yametulia, mama mkwe akimshika mkono.

Ugomvi ukahamia kwenye daftari. Wanawe walitaka ile sehemu ya mizani iondolewe. Tutamwaibisha baba mbele ya watu, walisema, na nilielewa, maana ni jina lao pia. Mchungaji akawaambia: kama mnaweza kumuuliza mwenyewe ruhusa ya kufuta, futeni. Basi nikasoma yote, karatasi ikitikisika mkononi. Nilipofika kwenye kilo, uwanja ukanyamaza kabisa. Halafu bibi mmoja aliyekaa nyuma kwenye mkeka akapaza sauti kwa Kinyakyusa: "Lakini tulijua!" Watu wakacheka. Msibani, jeneza likiwa mbele yetu, watu walicheka mpaka mchungaji akacheka, na mama mkwe akacheka huku anajifuta machozi kwa kanga. Nikaendelea na sehemu ya bonasi. Walipoimba baada ya hapo, waliimba kwa nguvu ambayo sijaisikia tena.

Alikuwa ameagiza mambo mengine: ng'ombe mmoja tu, sare isishonwe, kaburi lisijengewe marumaru. La ng'ombe walilivunja, walichinja watatu, maana msiba kwetu bila nyama ya kutosha ni aibu ya ukoo. Sare walishona. Kaburi ndilo lililobaki la udongo. Makaburi ya kale ya Wamoraviani yana mawe ya bapa, sawasawa, tajiri na maskini hawatofautiani, na mzee alijua hilo. Alijua pia kwamba injili ilipoingia nchi hii ya Wanyakyusa mwaka 1891, kati ya wamisionari wanne wa kwanza wa Kimoraviani mmoja, Georg Martin, alizikwa mwaka huo huo. Alikuwa akisema kanisa letu lilianza kwa kaburi, kwa hiyo lisijifanye halijui habari hizo.

Pasaka iliyofuata tulienda makaburini alfajiri, kama Wamoraviani wanavyofanya tangu 1732, tarumbeta zikipigwa gizani na ukungu wa Rungwe umetushukia. Shemeji mkubwa alikuja. Aliniambia kwamba mirathi imepita Mahakama ya Mwanzo bila kesi, dada zake wamechukua mashamba yao, na kwamba bado haoni ni sawa. Nikamwambia aliandike hilo kwenye wasifu yake. Akanitazama, akauliza kama natania.

Sikutania. Nimeanza ya kwangu, kwenye daftari lile lile la mzee, kurasa zilizobaki. Nimefika kwenye ndoa. Mume wangu anataka kusoma nilichoandika juu yake kabla sijaendelea, nami nimemwambia asubiri siku ile kama watu wengine, au akanunue daftari lake.